Mstari Nilioufuta

Mimi ndiye niliyefuta ule mstari. Ninalisema hilo mapema ili usije ukanionea huruma katikati ya habari hii, maana watu wakiona kijana amevaa koti jeupe la maabara huwa wepesi wa huruma. Ulikuwa mstari wa tatu kwenye karatasi ya maagizo, na ulisema hivi: endelea kuchemsha maji ya watoto hata baada ya kuyapitisha kwenye ndoo. Maneno kumi na moja. Niliyafuta nikiwa nimekaa, chai mkononi, na moyo haukunidunda hata kidogo.

Tulikuwa wawili, wanafunzi wa shahada ya pili ya kemia katika chuo kimoja cha Kericho ambacho sitakitaja. Mimi naitwa Calvince. Mama yangu, Ajwang, alitoka ziwani akiwa msichana, akachuma majani chai kwenye mashamba makubwa miaka ishirini na minne, mpaka mashine zikaja na yeye akaambiwa asante. Mwenzangu alikuwa Chepchirchir, mtoto wa Chebunyo, huko chini ambako hakuna chai ila ng'ombe, mahindi na jua, na ambako watu na mifugo hunywa maji ya bwawa moja. Aliyetusimamia ni Daktari Nyakerario, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa kiberiti.

Kazi yetu ilikuwa kusafisha maji bila kuchafua kitu kingine. Viwanda hutengeneza chembe za madini ya fedha kwa dawa kali ambazo mwisho wake ni mtoni. Sisi tulichemsha majani chai mabichi, tukayachuja, na ule mchuzi tukaumimina kwenye maji yenye chumvi ya fedha. Baada ya saa chache rangi inageuka kahawia, na humo ndani kuna chembe ndogo zisizoonekana, ambazo zinaua vijidudu. Hiyo ilikuwa sehemu yangu. Sehemu ya Chepchirchir ilikuwa mkaa. Nyanyake alikuwa amemfundisha kuchoma senetwet, mti ambao mkaa wake Wakipsigis husugulia vibuyu vya mursik, maziwa yao ya mgando, ili yakae yasiharibike. Siku moja akaniuliza mbona tusizibandike chembe zangu kwenye mkaa wa nyanyake. Tukazibandika. Tulipitisha humo maji ya bwawa yaliyokuwa na harufu ya mavi ya ng'ombe, na yaliyotoka chini hayakuotesha kitu kwenye sahani za maabara. Tulirukaruka kama watoto.

Lakini wageni walipotembelea maabara, Daktari alikuwa akisema, "Huyu ndiye Chepchirchir, mwenye ule mkaa," halafu ananinyooshea kidole, "na huyu ni Calvince." Calvince, basi. Kama mtu aliyekuja kubeba mizigo. Lilinichoma hilo, na kila lilipotajwa lilinichoma upya.

Jaribio la kwanza tulilifanya karibu na Mulot, likatuaibisha. Nusu ya nyumba tulizipa ndoo za kweli, zenye mkaa wetu ndani na bomba chini, na nusu tukazipa ndoo za uongo, zenye mchanga na kokoto nyeusi zilizosagwa, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hivyo ndivyo utafiti unavyofanywa, na si dhambi. Mtu akijua amepewa dawa, nusu ya ugonjwa hupona kwa furaha tu, kwa hiyo hutakiwi kumwambia. Ila akina mama wa Mulot walifuata maagizo yetu vizuri mno. Wakachemsha maji yao kila siku, wenye ndoo za kweli na wenye ndoo za uongo, na baada ya wiki nane watoto wa pande zote mbili walikuwa wazima sawasawa.

Daktari alitazama majedwali yetu akacheka. "Mmethibitisha kwamba maji yakichemka yanakuwa safi," alisema. "Hongereni. Mama yangu alijua hivyo na hakusoma."

Kwa hiyo tukaanza upya, safari hii Chebunyo, nyumba arobaini. Kura ilipigwa kwa kompyuta. Ishirini za kweli, ishirini za uongo, na orodha nikakabidhiwa mimi peke yangu, kwa sababu Chepchirchir ndiye angezunguka nyumbani kwa watu na hakupaswa kujua. Nyumba namba kumi na saba ilikuwa ya nyanyake, kogo Rebeccah, mwanamke aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Kura ikampa ndoo ya uongo. Sikuibadilisha, na hapo sikukosea. Ukianza kuchagua nani apate na nani akose, huo si utafiti tena.

Kosa langu liko kwenye karatasi. Kamati ya maadili na Daktari walipitisha maagizo kwa Kiingereza, mistari saba, na kazi ya kuyaweka kwa Kiswahili ikawa yangu. Chepchirchir angeyasoma kutoka kwenye Kiswahili changu na kuwaambia akina mama kwa Kikipsigis. Nilipofika mstari wa tatu nikaona Mulot nyingine inakuja. Wiki nane nyingine, majedwali mengine bapa, kicheko kingine. Nikaufuta, nikasogeza mistari mingine juu, nikapiga nakala arobaini.

Chepchirchir hakuwa mjinga. Aliisoma karatasi tukiwa bado maabara, akainua kichwa, akaniita kwa lile jina langu alilozoea kulifupisha.

"Calvin, na ile ya kuchemsha iko wapi? Si ilikuwa namba tatu?"

"Daktari ameitoa."

"Ameitoa aje?"

"Zile ndoo za uongo tumeziweka klorini. Kidogo sana, hata hutanusa. Hakuna mtu ataumia."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Ulikuja wenyewe, umevaa viatu kabisa, tayari kwa safari. Chepchirchir akaikunja karatasi.

"Sawa," akasema. "Juu kogo wangu ako ndani, na mimi siwezi kucheza na kogo."

Wiki nne za kwanza zilipita vizuri, vizuri kwa maana yangu. Kila Alhamisi Chepchirchir alishuka Chebunyo na fomu zake, akauliza kila mama ni siku ngapi mtoto ameharisha, akaweka tiki. Ijumaa aliniletea fomu na mimi, nikiwa nimefungua orodha yangu, nikazipanga. Tiki zilikuwa zikijaa upande mmoja. Upande wa kweli, tiki mbili, tatu. Upande wa uongo, kumi na moja, kumi na nne. Nitasema ukweli kwa sababu sina tena sababu ya kuuficha. Nilifurahi. Kila tiki ilikuwa mtoto aliyelia usiku na mama aliyefua nepi asubuhi, na mimi nilikuwa nazihesabu nikipiga mluzi.

Wiki ya tano namba kumi na saba ilipata tiki tatu. Ni Kipkurui, mtoto wa dada yake Chepchirchir, ambaye mama yake alifanya kazi kiwanda cha chai huko Sotik na kuwaacha watoto wake wawili kwa kogo. Alikuwa na miaka minne.

"Amekula mapera mabichi," Chepchirchir alisema. "Huyo mtoto hata jiwe anaweza kula."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, na orodha iko mbele yangu.

Daktari, nilipompelekea fomu peke yangu, hakucheka. Aliziita tiki hizo nyingi mno kwa watu wanaochemsha maji. "Waambie tena wachemshe," alisema. "Wote arobaini. Sitaki mtoto wa mtu ateseke kwa ajili ya karatasi."

"Wanachemsha, Daktari," nikamwambia. "Ni bwawa limekauka, limebaki tope."

Aliniamini. Mtu akisoma kemia miaka sita chini yako huwezi kumshuku kwa jambo dogo kama kuchemsha maji.

Wiki ya sita Chepchirchir alisema kogo amechoka kunisikia kwenye simu tu, anataka kumwona huyo Mjaluo wa ndoo. Nikaenda. Nilikuwa nataka kwenda, usiniulize kwa nini. Labda nilitaka kuona kwa macho kwamba mtoto ni mzima ili nilale.

Kogo Rebeccah alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mashimo ya masikio ya zamani na lesso ya kanisa kichwani. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Ndoo yetu ilikuwa sebuleni, juu ya stuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Kipkurui alikuwa amepona, au alionekana amepona. Shingo ilikuwa nyembamba. Alisimama karibu na ndoo kama askari na akanionyesha jinsi bomba linavyofunguliwa, kushoto, na jinsi linavyofungwa, kulia. Dadake mdogo, Chepkemboi, wa miaka miwili, alimshikilia shati kwa nyuma.

"Hii ndoo imenitoa kwa shida," kogo aliniambia. "Nilikuwa natafuta kuni mpaka kule chini kwa mto, na magoti yangu imekwisha. Sasa sitafuti. Kuni ni ya ugali tu. Kila siku nikiomba nataja jina yenu, ya Chepchirchir na yako. Unaitwa Kalapinsi?"

"Calvince, kogo."

"Hiyo hiyo. Kipkurui, letea mgeni maji."

Mtoto alijaza kikombe kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetoka pembeni, akanibebea kwa mikono miwili. Kikombe kilikuwa cha bati, cha bluu. Nilikitazama. Maji yalikuwa maangavu kabisa, kwa sababu mchanga ni hodari wa kuondoa tope, na vijidudu havionekani.

"Nisamehe, kogo," nikasema. "Tumbo linanisumbua tangu jana."

Alicheka. "Daktari wa maji anaumwa na tumbo!" Akachukua kikombe kile, akakinywa mwenyewe nusu, na nusu iliyobaki akampa Kipkurui.

Chepchirchir alikuwa mlangoni. Aliona. Njiani kurudi barabarani, tukimngoja mtu wa bodaboda, aliniuliza tumbo linaendeleaje, nikamwambia nafuu. Asubuhi hiyo, nyumba namba nne, kwa mzee wa kanisa Kipkosgei, nilikuwa nimekunywa vikombe viwili na kuomba cha tatu. Namba nne ilikuwa ndoo ya kweli.

Ningeweza kusema wakati ule. Hakukuwa na mtu kati yangu na neno lenyewe. Ningemwambia, Chepchirchir, mpigie kogo achemshe, hakuna klorini. Ningepoteza nyumba moja kati ya arobaini. Lakini nilijua hangenyamaza kwa nyumba moja, angezipigia zote, na mimi nilikuwa nimebakiza wiki mbili. Wiki mbili tu, nilijiambia. Mtoto amepona mara moja, ataharisha mara nyingine, atapona. Sisi wote tulilelewa hivyo kwenye nyumba za wafanyakazi mashambani na hatukufa. Bodaboda ikaja, tukapanda.

Kipkurui alifariki Jumanne ya wiki ya saba. Alianza Jumamosi kuhara na kutapika. Kogo alifanya kila alichoambiwa na watu wa dispensari. Alimchanganyia maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, mchana kutwa. Maji hayo aliyatoa kwenye ndoo yetu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa safi. Kadiri mtoto alivyotapika ndivyo kogo alivyomnywesha zaidi. Jumatatu walimbeba kwenda hospitali, na huko madaktari walijaribu, lakini alikuwa amebaki ngozi.

Tulimzika Ijumaa. Hema lilikuwa la kijani, la kanisa. Mama yake aliletwa kutoka Sotik na wenzake wa kiwandani, wawili wakimshika makwapa. Sikutaka kwenda, lakini nisingekwenda ingeonekana, kwa hiyo nikavaa shati jeusi na kukaa safu ya tatu. Mchungaji alihubiri kwa kifupi. Jeneza lilikuwa dogo hata mtu mmoja angeweza kulibeba.

Baada ya mazishi watu walirudi chini ya hema kunywa chai, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba ni ile ndoo ya chuo iliyoua mtoto. Kipkosgei, mzee wa kanisa, alimsikia akasimama. Alikuwa mtu wa haki, aliyependa mambo yasemwe hadharani.

"Tusidanganye," alisema. "Mimi niko na hiyo ndoo. Niko na watoto sita kwa boma yangu, na tangu ikuje hakuna mmoja ameharisha. Ndoo ni mzuri. Kama maji ilichafuka, ilichafukia kwa mkono. Kwa kikombe. Mama Rebeccah ni mzee, macho yake si kama ya zamani. Sisemi kwa ubaya."

Hema lote likamgeukia kogo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, Chepkemboi magotini. Aliitazama mikono yake, kwanza mgongo, halafu viganja.

"Nilikuwa naosha," alisema. "Nilikuwa naosha kila wakati."

Hapo Chepchirchir akainuka. Hakuwa amelia siku nzima. Alipita mbele yangu, akaingia nyumbani, akatoka na kile kikombe cha bati, kimejaa mpaka ukingoni. Akaja akasimama mbele yangu, watu wote wakiona.

"Calvin," alisema, kwa sauti ya chini lakini kila mtu alisikia. "Kwa mzee Kipkosgei ulikunywa. Hapa ulikataa. Nimefikiria hiyo kitu siku tatu. Hii maji nimeitoa kwa ndoo saa hii, na kikombe nimeosha na sabuni mimi mwenyewe. Uliniambia kuna klorini. Kama iko, kunywa."

Nilimwona mama wa Kipkurui ameinua uso. Nilimwona Kipkosgei amekunja mikono, anangoja haki itendeke. Nilijua ninachoshikishwa. Nikikataa, nimesema kila kitu, na kogo atatoka pale akijua kwamba mikono yake ilikuwa safi. Nikinywa, nimemhukumu. Kitu kingine sikukifikiria. Sikuwa na nafasi ya kukifikiria, au sikuitafuta.

Nilikunywa. Nilikunywa yote bila kupumua. Halafu, kwa sababu bado walikuwa wananitazama, nikamnyooshea kikombe na kusema, "Nipe kingine."

Akaniletea. Nikakinywa nacho. Kuhara ni siku mbili kwa mtu mzima mwenye afya, nilishajua hesabu zake.

Chepchirchir alikipokea kikombe kitupu, na uso wake ukafunguka ghafla, machozi yakaanza kumwagika yale aliyoyazuia tangu asubuhi. Akanishika bega.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, Calvin. Nilikuwa nimekufikiria vibaya sana."

"Ni uchungu," nikamwambia. "Ni kawaida."

Watu wakapumua. Kipkosgei alikuja akanipa mkono mbele ya wote. Mtu akaanza kumimina chai tena. Kogo Rebeccah peke yake hakusogea.

"Basi ni mimi," alisema.

Mama wa Kipkurui alimtazama nyanyake kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu mwingine na sitaki kuyaona tena, akageuza kichwa upande wa kaburi.

Kogo akaweka mtoto chini, akaenda kwenye lile beseni la kunawia wageni lililokuwa mlangoni. Akachukua sabuni. Alinawa kama wanavyonawa wauguzi, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye kiwiko. Akasuuza, akanawa tena mara ya pili. Sabuni ilimtoka mkononi ikaanguka vumbini, akaiokota, akaiosha nayo. Halafu akakichukua kile kikombe kutoka kwa Chepchirchir, akakisugua ndani na nje, akaenda ndani. Nilisikia bomba likifunguliwa. Alirudi akibeba maji kwa mikono yake miwili iliyokuwa bado inachuruzika, akachuchumaa kwa shida juu ya yale magoti, na kumwekea Chepkemboi kikombe mdomoni.

Mtoto alikuwa na kiu. Jua lilikuwa kali na alikuwa amelia sana. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akavuta kwa pupa, maji yakimtiririka kidevuni.

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. Chepchirchir alikuwa kando yangu, bado amenishika bega. Kogo aliinua macho akanitazama, akingoja kama mtu anayengoja mwalimu amwambie sasa amefanya sawa.

Niliinama karibu na mtoto. "Kunywa polepole," nikamwambia. "Utapaliwa."